Mgeni Tajiri wa Don Pepe: Nusu Karne ya Sheria ya Vesco

Mwezi wa Machi 2024 ulitimia mwaka wa 50 tangu baraza la kutunga sheria la Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati iliyo baina ya Nicaragua na Panama, lilipoifanyia marekebisho sheria yake ya kuwarudisha watuhumiwa makwao, na marekebisho hayo, ingawa yalipewa nambari na tarehe kama zipewavyo sheria zote, watu wa nchi ile hawakuyaita kwa nambari wala kwa tarehe, bali kwa jina la mgeni mmoja ambaye kila mtu aliamini kuwa yametungwa kwa ajili yake: wakayaita Sheria ya Vesco. Kumbukumbu za namna hii haziadhimishwi kwa gwaride. Walakini yafaa zitajwe, hasa katika zama hizi ambapo Afrika Kusini iliwataka ndugu wawili wa ukoo wa Gupta, waliokamatwa Dubai Juni 2022, na Aprili ya mwaka uliofuata ikatangaza kwa uchungu kwamba mahakama ya huko imekataa kuwatoa. Maana swali lililoulizwa Johannesburg mwaka 2023 ndilo lile lile lililoulizwa San José mwaka 1973, nalo ni hili: mgeni abishapo hodi akiwa na mali mkononi na waranti mgongoni, je, hufunguliwa kwa rehema au kwa bei?

Robert Lee Vesco alizaliwa Detroit, Marekani, Desemba 1935, mwana wa mfanyakazi wa kiwanda cha magari. Akaiacha shule kabla ya kuhitimu, akajifunza biashara kwa kuitenda, na kabla hajafikia umri wa miaka 35 alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa shirika la viwanda la New Jersey liitwalo International Controls Corporation. Mwaka 1970 kampuni ya Investors Overseas Services ya Geneva, ambayo Bernard Cornfeld aliijenga kwa kukusanya akiba za wawekaji wadogo wadogo wa Ulaya na za askari wa Kimarekani waliokaa ng'ambo, ilipoanza kuyumba, Vesco alifika na mkopo wa dola milioni 5 katika sura ya mwokozi, na haukupita muda mrefu mwokozi akawa ndiye bwana wa nyumba. Novemba 1972 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ikamshitaki, yeye na wenziwe kadhaa, kwamba walizihamisha kwa hila dola milioni 224 kutoka katika mifuko minne ya kampuni ile.

Aliyesoma habari za Watergate anayajua yaliyokuwa nyuma ya pazia, nami nitayapitia upesi. Tarehe 10 Aprili 1972, siku tatu tu baada ya kuanza kwa sheria mpya iliyowataka wanasiasa kutaja majina ya wafadhili wao, wajumbe wa Vesco waliingia katika ofisi ya mhazini wa kampeni ya Rais Nixon na mkoba uliojaa noti za dola mia mia, jumla yake dola 200,000, taslimu, bila ya risiti ya kuonyeshwa mtu. Mawaziri wawili wa zamani, John Mitchell na Maurice Stans, walishitakiwa kwa kadhia hiyo na mwaka 1974 wakaachiliwa na baraza la wazee wa mahakama. Vesco mwenyewe hakungoja kuona mzani utaelemea wapi. Mapema mwaka 1973 alikwisha kuipa Marekani kisogo, akawa akienda na kurudi baina ya Bahamas na Costa Rica katika ndege yake ya Boeing 707, ambayo ndani yake palikuwa na chumba cha kuogea mvuke na ukumbi wa kuchezea muziki.

Kuhusu mwenyeji wake, makala haya yanamtegemea zaidi Charles Ameringer, mwanahistoria wa Kimarekani aliyechapisha mwaka 1978 kitabu cha maisha ya José Figueres Ferrer, na msomaji na ajue mapema kwamba Ameringer alimtazama mtu wake kwa jicho la huruma, na huruma hiyo huambukiza. Figueres, ambaye nchi nzima ilimwita Don Pepe, alizaliwa San Ramón mwaka 1906 kwa wazazi waliohamia kutoka Catalonia. Ujanani alikwenda Marekani kusoma, na yasemwa kwamba alipata elimu nyingi zaidi katika maktaba ya mji wa Boston kuliko darasani. Akarudi mwaka 1928, akanunua shamba katika milima ya kusini ya San José, akaliita La Lucha Sin Fin, yaani Mapambano Yasiyo na Mwisho, akapanda humo kabuya, mmea ulio jamaa ya katani yetu ya Tanga, akasokota kamba na kufuma magunia. Kampuni ya shamba hilo, San Cristóbal kwa jina, itatajwa tena hapa chini, na itatajwa kwa huzuni.

Julai 1942 mkulima huyu alipanda redioni kuishutumu serikali ya Rais Calderón Guardia, na kabla hajaimaliza hotuba yake askari wakaingia, wakamkatiza, wakamkamata, na baada ya siku chache akafukuzwa nchini, akaishi Mexico uhamishoni hadi mwaka 1944. Yafaa tulizingatie jambo hili, kwa kuwa mtu aliyepata kulala ugenini kwa ajili ya maneno yake hawezi kuizungumzia hifadhi kama aizungumzavyo mwanasheria. Mwaka 1948, uchaguzi ulipobatilishwa, Figueres aliongoza uasi uliodumu majuma machache na kugharimu roho nyingi, akaishika dola, na tarehe 1 Desemba mwaka huo akachukua nyundo mbele ya kadamnasi, akaupiga ukuta wa ngome ya Bellavista, kuonyesha kwamba jeshi la Costa Rica limefutwa. Ngome ile leo ni makumbusho ya taifa, na mwenye kupita nje yake huyaona matundu ya risasi katika kuta zake. Jeshi halijarudi mpaka leo, na ni viongozi wachache mno waliotwaa madaraka kwa bunduki kisha wakaikubali sheria ya namna hiyo. Kwa tendo lile peke yake Don Pepe anastahili taadhima.

Tangu hapo San José ikawa makimbilio ya kila aliyewindwa na madikteta wa bahari ya Karibi. Rómulo Betancourt wa Venezuela aliishi pale, Juan Bosch wa Jamhuri ya Dominika aliishi pale, na wote wawili walikuja kuwa marais wa nchi zao. Walikuja mikono mitupu. Walipewa nyumba, walipewa kazi ya kuandika na kufundisha, na Figueres alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia barabara na mabenki aliyoyataifisha. Wala hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya maneno: Desemba 1971, ndege ya Nicaragua ilipotekwa na waasi ikatua katika uwanja wa San José, Figueres, ambaye wakati huo alikuwa rais tena, mwenye umri wa miaka 65, alikwenda uwanjani mwenyewe, na bunduki mkononi, kuhakikisha kwamba haiondoki.

Basi mtu huyu ndiye aliyempokea Vesco. Walikutana mwaka 1972, wakati ambapo tajiri alikuwa akitafuta nchi na rais alikuwa akitafuta mtaji. Kwa kuwa Figueres alikuwa na ndoto ya kuifanya Costa Rica kitovu cha fedha za kimataifa, kukiwa na eneo maalumu la mabenki litakaloleta mabilioni ya wageni katika nchi iliyotegemea kahawa na ndizi. Vesco aliisikiliza ndoto hiyo kwa makini, akaishangilia, na muda si muda takriban dola milioni 2.1 zikaingia katika kampuni ya San Cristóbal, ile ya kamba na magunia, ambayo wakati huo ilikuwa imelemewa na madeni. Mwaka huo huo Figueres akamwandikia Nixon barua, akieleza wasiwasi wake kwamba uchunguzi wa tume ya hisa ungeweza kudhuru mipango ya maendeleo ya nchi yake. Rais wa dola huru anamwandikia rais mwenziwe barua ya kumwombea mfanyabiashara mmoja! Hata Ameringer, kwa upole wake wote, hapati njia ya kulipamba jambo hili.

Hapo ndipo utesi ulipowaka, na mwaka 1973 haukuwa na mwezi uliopita bila ya moto. Magazeti ya Marekani yalifichua kwamba kiasi cha dola 325,000 kilikuwa kimepita katika akaunti ya Figueres mwenyewe katika benki moja ya New York, na kwamba nyingi katika hizo zilitoka upande wa Vesco. Gazeti la La Nación, ambalo tangu zamani halikupatana na Don Pepe, likaishika habari hiyo na kutoiachia, na rais akalazimika kusimama mbele ya taifa kujieleza. Majibu yake yalikuwa ya mtu ambaye hakuona aibu. Alishikilia kwamba fedha zilikuwa za biashara halali, kwamba nchi maskini haina anasa ya kumwuliza kila mwenye mtaji nasaba ya mtaji wake, na kwamba Costa Rica haijapata kumtoa mtu aliyeomba himaya yake, wala haitaanza kwa kuogopa dola kubwa.

Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyowagawa watu, na iliwagawa hata ndani ya chama chake cha Ukombozi wa Taifa. Kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli nusu ni mgumu kuujibu kuliko uwongo mzima. Ni kweli kwamba nchi ndogo ikijizoeza kuwatoa watu kila ipigiwapo simu kutoka Washington, haki ya hifadhi imekwisha kufa. Lakini Figueres alikuwa na mfano ulio karibu naye zaidi ya mtu yeyote, naye hakupenda kuutaja. Jenerali Marcos Pérez Jiménez, dikteta wa Venezuela aliyepinduliwa mwaka 1958, alikimbia na mamilioni, akaishi kifahari Miami. Na aliyemdai, kwa mashitaka ya kuiba fedha za umma, alikuwa nani ila serikali ya Betancourt yule yule, mkimbizi wa jana wa San José? Kesi ilichukua miaka, na Agosti 1963 Marekani ikamtoa, akarudishwa Caracas kujibu mashitaka. Betancourt alikuwa ameijua tofauti baina ya mtu anayewindwa kwa ajili ya fikra zake na mtu anayedaiwa fedha za watu. Sahibu yake wa Costa Rica aliijua pia, maana alikuwa mwerevu. Ila alichagua, mwaka ule wa 1973, kuisahau.

Mahakamani Vesco alishinda kwa urahisi uliowakasirisha wengi. Mkataba wa kurudishiana wahalifu baina ya Marekani na Costa Rica ulitiwa saini mwaka 1922, wakati ambapo watungaji wake waliwafikiria wauaji, wezi na waghushi hundi, wala hawakuota kwamba siku moja mtu ataweza kuhamisha mamilioni kwa waya kutoka Geneva mpaka visiwa vya Bahamas bila ya kugusa sarafu hata moja. Na mahakimu wa San José, kwa kuisoma herufi ya mkataba, waliona kosa aliloshitakiwa halimo. Mwisho wa mwaka huo hakimu wa Nassau naye akalikataa ombi la Marekani. Sioni sababu ya kuwalaumu mahakimu hao. Kazi ya hakimu ni kusoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa kimechakaa. Hatia, kama ipo, haikuwa ya mahakama zilizofanya kazi na sheria iliyokuwapo, bali ya wanasiasa waliokwenda kutengeneza nyingine.

Na walikwenda. Sheria ya kuwarudisha watuhumiwa ilikuwa mpya, ya mwaka 1971 tu, nayo haikuwa na kilio kilichosikika. Lakini tarehe 21 Machi 1974, wakati Figueres alikuwa amebakiwa na majuma machache ya urais, na mrithi wake wa chama kile kile, Daniel Oduber, amekwisha kuchaguliwa Februari, baraza likapitisha marekebisho yaliyoongeza vizingiti mbele ya yeyote ambaye angetaka mgeni atolewe. Waliotetea walisema ni kwa ajili ya haki za watu wote, kwa kuwa sheria huandikwa kwa wote. Lakini msomaji na ajiulize ni wakimbizi wangapi maskini waliokuwa Costa Rica mwezi ule, wenye mawakili wa kutosha kuvitumia vizingiti hivyo. Oduber mwenyewe hakukaa raha na urithi huo. Novemba 1976, katika utawala wake, sheria ilirekebishwa tena, na jina la mgeni likaendelea kuliwa mdomoni na kila mpinzani.

Aliyelila kwa hamu kuliko wote alikuwa Rodrigo Carazo. Huyu hakuwa adui wa kutoka mbali. Alikuwa mtoto wa chama cha Don Pepe, aliyethubutu kushindana na mzee kuwania kuteuliwa mgombea wa uchaguzi wa 1970, akashindwa, akatoka chamani na kinyongo chake, akaanzisha chama kingine. Na alipogombea mwaka 1978 kwa tiketi ya muungano wa upinzani, ahadi yake iliyoeleweka upesi kuliko zote kwa mkulima wa kahawa na mwenye duka ilikuwa kwamba Vesco ataondoka. Wapo wasemao kwamba Carazo alikitumia kisa cha mgeni kulipiza kisasi cha nyumbani. Inawezekana. Siasa aghalabu haitengani na husuda, na jambo la haki halipungui kuwa la haki kwa kutendwa na mtu mwenye kinyongo. Carazo alishinda Februari, na kabla hajaapishwa tarehe 8 Mei, Vesco alikuwa amekwisha kuruka kwenda Nassau. Alipotaka kurudi, akakuta amefungiwa.

Katika msimu ule ule, Machi 1978, Costa Rica ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao kifungu chake cha kwanza kinamtoa nje ya himaya mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda jinai kubwa isiyo ya kisiasa kabla ya kuingia nchini. Lau maneno hayo yangalikuwa yakiifunga serikali ya San José miaka mitano mapema, sehemu kubwa ya kelele zile ingeweza kuepukwa. Na punde si punde nchi ikaanza kupokea wakimbizi wa kweli, maelfu kwa maelfu, kutokana na vita vya Nicaragua na El Salvador, watu waliovuka mipaka kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni.

Yaliyompata Vesco baadaye ni ya kusimuliwa kwa ufupi. Bahamas ilimchoka mwaka 1981, akajaribu Antigua, ambako alitaka kukipata kisiwa cha Barbuda kiwe dola yake mwenyewe, akapita Nicaragua, na mwaka 1982 akapokewa Cuba, kwa sababu za kiutu na matibabu, kama alivyoeleza Fidel Castro baadaye. Arthur Herzog, aliyemwandikia kitabu mwaka 1987, anamwonyesha akizidi kuchakaa kila alipohama. Mei 1995 wenyeji wake wa Havana wakamkamata kwa kadhia ya dawa aliyodai inatibu maradhi mengi, na mwaka 1996 mahakama ya Cuba ikamhukumu kifungo cha miaka 13. Alifariki Novemba 2007 kwa saratani ya mapafu, akazikwa katika makaburi ya Colón, na ulimwengu haukupata habari mpaka mwezi wa Mei mwaka uliofuata.

Figueres alikuwa amemtangulia, Juni 1990. Mwaka 1981 alimwambia mwandishi wa jarida la The New Republic kwamba Vesco alifanya upuuzi mwingi, walakini yeye angemkinga tena kama angeweza, kwa kuwa hawaachi marafiki zake, na kwamba kinachomwuma ni kuona wapo wenzake waliodhani kuwa alijinufaisha. Mimi namsadiki anaposema hakununuliwa. Mtu aliyelivunja jeshi lake mwenyewe hauzwi kwa dola 325,000. Lakini jawabu lake lile linaonyesha bayana mahali alipokosea: aliizungumzia hifadhi kama takrima ya mwenye nyumba kwa mgeni wake, ilhali nyumba haikuwa yake, ilikuwa ya raia wa Costa Rica wote, nao walikuwa wamemkabidhi ufunguo kwa dhamana, na mwenye kushika dhamana, akisha kula mkopo wa mgeni katika shamba lake, hana tena haki ya kuamua peke yake kama mgeni huyo akae au aondoke. Hilo lilitosha kumfanya akae kando, awaachie wengine uamuzi. Hakukaa kando, na ndiyo maana leo mvunja jeshi huyo anatajwa pamoja na jina ambalo angependa lisahauliwe.

Kwetu Afrika ya Mashariki, serikali humwandikisha kila mkimbizi wa Nyarugusu na Kakuma kwa jina, kwa alama za vidole na kwa kadi ya posho, na hakuna anayeona kuwa jambo hilo ni kinyume cha ukarimu. Waheshimiwa wabunge wetu na wadai kwamba wageni wanaopewa ukaazi kwa sababu ya mitaji yao nao waandikwe katika daftari linalosomeka hadharani, kila mmoja na nchi aliyotoka na mashitaka yanayomkabili kama yapo. Na kila muswada wa kurekebisha sheria ya kuwarudisha watuhumiwa utakapoletwa mezani, kabla ya kupigiwa kura ya ndiyo, waziri aulizwe ni mgeni gani aliyeko nchini sasa ambaye muswada huo utamfaa, na ana biashara gani na nani.